Mwanangu aitweje: zeruzeru, albino au mlemavu wa ngozi?

"Shikamoo mwalimu. Ninaishi mkoani Geita na nina watoto watatu. Wa katikati ni binti wa miaka 13, amezaliwa na ualbino, na mwaka huu ameanza kidato cha kwanza. Wiki ya kwanza tu wenzake walimwita zeruzeru. Nilikwenda kulalamika, na mkuu wa shule akatangaza mstarini kwamba kuanzia siku hiyo wote waseme 'mlemavu wa ngozi'. Sasa wanamwita 'mlemavu', na wanalitamka vilevile walivyolitamka lile la kwanza. Shemeji yangu anasema ninatwanga maji kwenye kinu, kwamba jina halijawahi kumuua mtu na kwamba mtoto ni mgonjwa tu, aitwe vyovyote. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba juzi, nilipokuwa napanga madaftari yake, nilikuta ameandika 'Zeru' kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la kila daftari, mwenyewe, kwa mkono wake. Je, maneno yana nguvu kweli? Tumwite nani? Na hilo jina nilifute?"

Marahaba, dada yangu, na poleni kwa majuma magumu mliyopitia. Umeuliza kuhusu jina, lakini ndani ya barua yako nimesoma hofu iliyo kubwa kuliko jina: kwamba kile ambacho watu wanamwita mwanao kinaweza kuamua watakachomtendea, na kwamba kinaweza pia kuamua yeye mwenyewe atajiona kuwa nani. Hofu hiyo ina msingi. Mimi ni mwanaisimu, kazi yangu ni kuchunguza namna watu wanavyoitumia lugha katika maisha yao ya kila siku, na kabla ya kuingia chuoni nilihariri taarifa za habari redioni kwa miaka kadhaa huko huko Kanda ya Ziwa. Maneno uliyoyataja yote yamepita mikononi mwangu.

Nianze na shemeji yako, kwa sababu wengi wanafikiri kama yeye. Ni kweli kwamba neno halishiki panga. Lakini wewe ni mtu wa Geita na bila shaka unaikumbuka miaka ya kuanzia 2006 na 2007, mauaji ya watu wenye ualbino yalipoanza kuripotiwa kwa wingi Mwanza, Shinyanga na maeneo ya jirani. Wakati huo neno moja lilikuwa likisikika vijiweni: "dili". Mtoto anapita na ndoo yake ya maji, na mtu aliyeegemea baiskeli anamwambia mwenzake, "dili hilo linapita." Itazame sentensi hiyo fupi kwa karibu. Mtoto ameacha kuwa "huyo", amekuwa "hilo". Hapiti tena, bali linapita. Tunaposema "mtoto huyo", swali linalofuata huwa ni mtoto wa nani, anakaa wapi, mbona anatembea peke yake. Tukisema "dili hilo", swali linalofuata ni bei. Msemaji anaweza kuwa anatania, na wengi walikuwa wakitania kweli, lakini utani huo uliwazoesha wote waliousikia kumtazama mtoto kama bidhaa, na yule mmoja ambaye hakuwa anatania akapata mahali pa kujificha.

Sisi wa habari nasi tulikuwa na sehemu yetu. Tuliandika "mauaji ya kishirikina" na "imani potofu", na tulipenda kauli ya kutendwa: albino akatwa mkono, viungo vya albino vyakamatwa. Hakuna uongo katika vichwa hivyo vya habari, ila angalia wasiokuwemo. Hayumo aliyekata, hayumo aliyemtuma, hayumo aliyeagiza wala aliyetoa fedha. Msikilizaji aliyelishwa habari za namna hiyo kwa miaka mitatu mfululizo alielewa kwamba tatizo ni ujinga wa watu wa vijijini, na kwamba dawa yake ni semina, ilhali ile ilikuwa biashara yenye mnunuzi mwenye uwezo, dalali, mganga na watu wa kutumwa, na mara nyingine jirani au ndugu aliyeonyesha njia ya kufikia nyumba. Septemba 2009, mahakama mkoani Shinyanga ilipowahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14, ikiwa hukumu ya kwanza ya aina yake nchini, ndipo nilipong'amua jinsi ilivyokuwa nadra kwetu kuandika sentensi ambayo mtendaji wake ni mtu. Na mambo haya si ya kale. Mwaka 2024 wilayani Muleba, mkoani Kagera, mtoto wa miaka miwili alichukuliwa nyumbani kwao na kuuawa. Kwa hiyo mwambie shemeji, kwa heshima, kwamba hutwangi maji.

Hata hivyo sipendi uondoke na imani ya upande wa pili, ile inayosema kwamba lugha ni pingu na kwamba tukibadili neno tumebadili moyo. Kiswahili chetu hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi. "Yeye" ni mmoja kwa wote wawili. Lau lugha pekee ingetosha kuumba usawa, nchi zetu zingekuwa mbele ya dunia nzima katika haki za wanawake, na wewe unajua kwamba haiko hivyo. Neno hufanya kazi linapokutana na mambo mengine mawili, yaani kutojua na masilahi. Mahali ambapo watu hawajui ualbino ni nini, neno ndilo linalowaletea maelezo yote, na watayapokea jinsi neno linavyoyaleta.

Ndiyo maana "mgonjwa" la shemeji yako linanisumbua kuliko "zeruzeru" la watoto. Ualbino si ugonjwa, hauambukizi na hautibiwi ukaisha. Ni hali ya kurithi ambayo mwili unatengeneza melanini kidogo sana au hauitengenezi kabisa, na melanini ndiyo inayoipa ngozi, nywele na macho rangi yake na kinga dhidi ya jua. Mtoto huzaliwa hivyo pale anapopokea nakala ya jeni yenye mabadiliko kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Wazazi wenyewe wanaweza kuwa weusi kabisa na wasijue kwamba wanaibeba, na kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ualbino. Naomba uyashike maneno hayo "baba na mama", kwa sababu katika mazungumzo ya mtaani husikii yakisemwa pamoja. Husemwa "amezaa zeruzeru", na anayezaa katika Kiswahili cha kila siku ni mama. Kitenzi kimoja kimeshapeleka lawama zote kwa mtu mmoja, na ndoa zimevunjika kwa sababu hiyo, mama akidaiwa kutembea na mzungu au kuleta laana ya kwao. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, wakati makadirio ya Ulaya na Marekani ni mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Huko kwenu, basi, mwanao si ajabu ya dunia.

Nakuja sasa kwenye neno ambalo mkuu wa shule alilichagua kwa nia njema. "Mlemavu wa ngozi" tulilipenda sana redioni. Tuliona ni la adabu, na mimi mwenyewe nimelipitisha kwa kalamu yangu mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Siku moja nilikwenda kurekodi kipindi katika darasa la nne la shule moja ya msingi. Dawati la nyuma, karibu na dirisha, alikaa mvulana mwenye ualbino, amevaa kofia pana na shati la mikono mirefu, vyote vipya, zawadi ya wafadhili. Mwalimu alipoandika ubaoni, wenzake wote waliinua vichwa na kuinamisha, wakainua na kuinamisha. Yeye hakuinua. Pua yake ilikuwa inakaribia kugusa daftari la jirani yake, na alikuwa ananakili kutoka humo, neno baada ya neno, huku jirani akilivuta daftari. Nilipomuuliza mwalimu maendeleo ya kijana huyo, alinijibu kwa upole, "Kichwani ni mzito kidogo, lakini tunamvumilia."

Kijana hakuwa mzito. Alikuwa haoni ubao. Ualbino hugusa macho karibu kwa kila aliye nao: sehemu ya katikati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ambayo ndiyo hutuwezesha kusoma herufi ndogo, haikomai ipasavyo, macho hucheza-cheza bila mwenyewe kutaka, na mwanga mkali huyaumiza. Miwani husaidia kwa kiasi, lakini mara nyingi haiwezi kuurudisha uoni wote, kwa kuwa kasoro haiko kwenye lenzi ya jicho peke yake. Hayo yote yalifichwa na neno letu la adabu. Tulipotangaza "walemavu wa ngozi", wasikilizaji wema walituma kofia na mafuta ya kukinga jua, vitu vinavyohitajika sana, kwa sababu saratani ya ngozi inawaua wengi wao wakiwa bado vijana. Lakini hakuna aliyewaza dawati la mbele, lenzi ya kukuzia maandishi wala karatasi ya maandishi makubwa, maana hakuna aliyeambiwa kwamba kuna macho. Neno halikumtukana mtoto yule hata kidogo, na bado lilimkalisha dawati la nyuma kwa miaka minne. Tangu siku ile sijapima neno kwa adabu yake peke yake; hupima pia kile linachotufanya tusikione.

Utasikia pia hoja ya sarufi, kwamba Kiswahili chenyewe kimewaweka watu hawa kwenye ngeli ya vitu: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, vyote na ki- ya kiti na kisu. Hoja hii ina ukweli nusu. Kiongozi naye ana ki-, kijana pia, hata kipenzi, na hakuna anayelalamika. Isitoshe, hatusemi "kipofu kimefika", tunasema "kipofu amefika"; upatanisho unamrudishia utu wake palepale. Dharau huanza pale msemaji anapoamua kumnyima mtu upatanisho huo, kama katika ile "dili hilo linapita", au anaposema "mazeruzeru yale yanakuja" badala ya "wale wanakuja". Ukitaka kujua mtu anamwonaje mwanao, usisikilize nomino tu, sikiliza kitenzi kinachofuata.

Na hapa ndipo ninapolipenda "mtu mwenye ualbino", ambalo ndilo watu wenyewe wamelichagua. Chama chao cha kitaifa kinajiita Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania. Wapo wanaoliona refu na la kizungu. Refu ni kweli. Lakini "mwenye" ni letu sana: mwenye nyumba, mwenye mji, mwenye mali. Anayeitwa mwenye kitu ni mkubwa kuliko kitu chake. Ualbino, kama uzee au ujana, unakuwa hali aliyo nayo mtu, wala haummezi mtu mzima. "Albino" lenyewe si tusi, na wengine wanajiita hivyo bila shida, ila linamtaja mtu kwa hali hiyo peke yake, na ukiwa unaandika habari au barua ya shule ni bora uanze na mtu.

Kwa nini basi neno jipya limeoza shuleni ndani ya siku chache? Kwa sababu walipewa neno bila maelezo. Watoto walikuwa na picha vichwani mwao, labda ya kiumbe cha ajabu ambacho huwa hakifi bali hupotea, kama wengi wetu tulivyosimuliwa utotoni, na mstarini waliambiwa wabadili kibandiko, picha ikabaki ileile. Picha isipobadilika, kila kibandiko kipya kitachafuka. Ndivyo ilivyokuwa kwa "mlemavu", lililoletwa ili lichukue nafasi ya "kilema" kwa heshima, na leo mwanao anapigwa nalo. Kuna kosa la pili: mwanao hakuulizwa. Mkuu wa shule alimchagulia jina mbele ya shule nzima, na wenzake wakajifunza kwamba yeye ni mtu wa kusemewa.

Kuhusu nani ana haki ya kuchagua, tazama makundi mawili ambayo watu huyaweka kapu moja. Wasioona nchini wana chama kinachoitwa Chama cha Wasioona Tanzania. Neno "vipofu" wameliacha kando. Viziwi wao wamefanya kinyume. Chama chao ni Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, na wengi wao ukiwaita "wasiosikia" watakuambia kwamba wao si watu wa kukosa kitu, ni watu wenye lugha yao, lugha ya alama. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 imeifanya lugha ya alama ya nchi hiyo kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kinachowakera viziwi ni "bubu", kwa kuwa linasema hawana lugha. Basi hakuna kanuni moja ya kuwafaa watu wote, na mtaalamu akikuletea orodha ya maneno mazuri na mabaya bila kuwauliza wenyewe, usiichukue kama msahafu.

Hayo yanatufikisha kwenye kalamu nyekundu. Naomba usilifute. Neno lililo kinywani mwa mwenyewe si lile lile lililo kinywani mwa anayemcheka, ingawa herufi ni zile zile. Tena mwanao hakuandika "zeruzeru", amelikata, amelifanya jina fupi la kimjini, akalianza kwa herufi kubwa kama jina la mtu. Huenda anawaambia wenzake: nimelichukua, halitanichoma tena. Inawezekana pia ni marafiki zake wa karibu wanaomwita hivyo kwa mapenzi. Lakini kuna uwezekano wa tatu, kwamba amechoka na ameamua kujitukana kabla hajatukanwa, na jalada la daftari haliwezi kukuambia ni upi kati ya hiyo. Muulize mkiwa na kazi mikononi, mnachambua mchele au mnamenya viazi, siyo kwa kumkalisha kitako: "Nimeona Zeru kwenye madaftari, nani anakuita hivyo?" Kisha nyamaza. Akijibu huku anacheka na kutaja majina ya wenzake, jina ni lake, na wewe huna haja ya kulitumia. Akijibu "ndivyo nilivyo tu", hapo pana kidonda. Vyovyote iwavyo, haki ya kulitumia ni yake na ya anaowaruhusu. Haiwapi walimu wala watoto wengine ruhusa.

Ukaniuliza tumwite nani. Nyumbani na darasani, aitwe jina mlilompa. Hali yake itajwe pale tu inapohusika, na inapohusika isemwe kwa ukamilifu. Mwaka 2008 Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge, na mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini wakamchagua Salum Khalfani Barwany; ghafla mbele ya majina ya watu wenye ualbino likasimama neno "Mheshimiwa", ambalo nchi nzima ililazimika kulitamka. Mwanao naye anahitaji majina yanayotokana na anachokifanya: kiranja, mwanakwaya, mtunza maktaba, chochote anachokipenda. Mtoto mwenye majina matano huumizwa kidogo na moja baya kuliko mtoto asiye na jingine.

Shuleni ningekushauri urudi, safari hii bila kudai tangazo. Kwanza zungumza na binti, umuulize kama anataka hali yake ielezwe darasani, na kama anataka kuieleza yeye, wewe au mwalimu wa baiolojia, akikataa, heshimu. Kisha omba mambo yanayoonekana: dawati la mbele, mbali na mwanga wa dirisha, ruhusa ya kusogea hadi ubaoni, mwalimu asome kwa sauti anachoandika, na michezo ya uwanjani asubuhi mapema. Mwambie mkuu wa shule mapema pia kuhusu mitihani ya taifa, kwa sababu Baraza la Mitihani huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, na taarifa hizo hupitia shuleni.

Yapo mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyatosheleza. Mpeleke kwa daktari wa macho, ikiwezekana kwenye kliniki ya uoni hafifu, hata kama ana miwani tayari. Na kwa daktari wa ngozi kwa uchunguzi wa mara kwa mara, tena haraka ukiona kidonda au ukurutu usiopona kwa wiki kadhaa. Akikataa shule, akiacha kula, akijitenga, au akisema hata mara moja kwamba ni bora asingezaliwa, usingoje likizo. Mtafute mshauri nasaha au ustawi wa jamii wilayani, na namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bila malipo. Ukisikia mtu yeyote, hata mwanafamilia, akimtaja kwa neno la bei, au mgeni akiulizia njia anayopita, usilipime kama utani. Nenda siku hiyo hiyo kwa mtendaji na polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, na uwaambie maneno yenyewe kama yalivyosemwa, nani aliyasema, wapi na saa ngapi.